Usikiri Ili Yaishe

Shangazi, mimi ni kijana wa miaka 24, fundi simu hapa Mwanza. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea simu iliyopasuka kioo, akasema hana hela ya kuitengeneza, nikainunua kwa shilingi 180,000. Nikaiwekea kioo kipya, nikamuuzia mama mmoja mteja wangu. Alhamisi saa saba mchana askari kanzu wawili walikuja kibandani na huyo mama, wakasema simu ni ya wizi. Wakanichukua mimi, laptop na simu tano za wateja. Saa tano usiku niliandikishwa maelezo, nikaambiwa weka saini ukapumzike, nikaweka bila kusoma. Nimetoka Jumamosi kwa dhamana ya baba mdogo. Jumatatu ya wiki ijayo natakiwa kuripoti, na huenda nikafikishwa mahakamani. Mpelelezi anasema nikikubali nitapigwa faini ndogo yaishe. Rafiki yangu anasema nitafute laki mbili nimpoze. Mwingine anasema niende zangu Geita machimboni mpaka watu wasahau. Sijawahi kukamatwa tangu nizaliwe. Mama hajui. Nifanyeje?
E.M., Mwanza

Pole kwanza

Pole sana, mwanangu. Nimeomba jibu lako litangulie barua nyingine, maana tarehe yako haingoji.

Nilifanya kazi masijala ya mahakama mpaka nywele zikageuka rangi, na vijana wa aina yako niliwaona kila asubuhi. Shati la juzi, viatu havina kamba, macho mekundu, na kila anayepita anaulizwa, "Yataisha leo?" Swali hilo limewaponza wengi kuliko hata makosa yenyewe. Mtu aliyelala mahabusu kwa mara ya kwanza hatafuti haki, anatafuta usingizi, na atasaini chochote kitakachompa usingizi huo. Wewe umeshasaini kimoja. Nakuandikia ili usisaini cha pili.

Tuanze na aibu, kwa sababu naiona imekukaba. Kukamatwa si kutiwa hatiani. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Hayo si maneno ya kufarijiana tu, ndiyo sheria mama. Kwa hiyo mwambie mama yako leo. Atalia, atakusema, halafu atajifunga kanga aende kwa mwenyekiti wa mtaa kufuatilia barua ya mdhamini. Akilisikia gengeni atalia vilevile, na wewe utakuwa umempoteza mtu wa kukukimbilia huku na huko wakati wewe huwezi.

Faini hiyo ni ya nani kuahidi?

Mpelelezi amekuambia ukikubali utapigwa faini ndogo. Sitaki kumdhania vibaya. Huenda anakuonea huruma, huenda ana majalada mengi mezani na angependa moja lipungue. Lakini adhabu si yake kugawa. Yeye anapeleleza, mwendesha mashtaka anashtaki, hakimu anahukumu. Hakimu hafungwi na neno ulilopewa kwenye benchi la kituo, na siku utakayosimama mbele yake huyo aliyekuahidi anaweza kuwa yuko zamu nyingine kabisa. Utamwambia hakimu nini? Kwamba afande alisema?

Kwa ulivyoeleza, kosa linalonukia hapa ni kupokea mali ya wizi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaweka kifungo kinachoweza kufika miaka 10 kwa kosa hilo. Miaka 10, mwanangu, siyo faini ndogo. Sisemi utafungwa miaka hiyo. Nasema hicho ndicho kipimo ambacho hakimu amepewa, na mtu hawezi kukuahidi bei ya duka ambalo si lake.

Sasa shika hili. Sheria hiyo haimkamati kila aliyeshika kitu kilichoibwa. Inamtafuta aliyekipokea akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba kimeibwa. Kesi yako yote imekaa hapo, kwenye kujua. Kuishika simu huwezi kukana, uliishika na kuiuza. Kujua je? Hilo upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kulithibitisha, na wewe ukisema "nakubali" umewafanyia kazi yao bure.

Karatasi ya saa tano usiku

Ulichosaini ni maelezo ya onyo. Kabla kalamu haijagusa karatasi, askari anayekuhoji anatakiwa akutajie jina na cheo chake, akuonye kwa lugha unayoielewa kwamba hulazimiki kujibu maswali na kwamba utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi, na akujulishe kwamba unaweza kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Akishaandika, anatakiwa akusomee au akupe usome, urekebishe palipokosewa, ndipo usaini. Pale chini ya ukurasa huwa kuna maneno ya kuthibitisha kwamba umesomewa na umeona ni sahihi. Saini yako iko chini ya maneno hayo. Ndiyo maana nasema jambo hili ni zito, ingawa tumaini halijakufa.

Tazama muda. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za msingi kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Wakihitaji zaidi, muda unaongezwa kwa utaratibu, nyongeza isiyozidi saa 8, na mwenyewe anaambiwa. Ulikamatwa saa saba mchana, ukaandikishwa saa tano usiku. Hizo ni saa 10. Muda wa kusafirishwa hauhesabiwi, na inawezekana waliongeza kihalali, lakini wakili wako atataka kuiona hiyo nyongeza kwenye jalada. Mahakama ya Rufani imeshawahi kuyatupa maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda.

Tazama pia hiari. Sheria ya Ushahidi inataka ungamo mbele ya polisi liwe la hiari, na ni juu ya upande wa mashtaka kuionyesha hiari hiyo. Kitisho kinaharibu hiari, na ahadi nayo inaiharibu. "Weka saini ukapumzike" ni ahadi aliyopewa mtu aliyechoka. Nisikudanganye lakini: si kila ahadi inafuta maelezo. Hakimu hupima kama ilikuwa ya aina ya kumfanya mtu akiri uongo.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni mahali pa kulalamikia. Maelezo hayo yanapingwa siku shahidi anapotaka kuyatoa kama kielelezo, kabla hayajapokelewa. Hakimu atakuuliza kama una pingamizi. Hapo ndipo unaposema unalo na unaeleza kwa nini, na mahakama inasimamisha kesi kuu kwanza ichunguze yalivyopatikana. Nimeona washtakiwa wakijibu "sina pingamizi" kwa heshima tu, kwa kuona haya kumbishia hakimu, halafu miezi mitatu baadaye kwenye utetezi wanasema walilazimishwa. Mahakama huiona hiyo kuwa hadithi iliyotungwa baadaye.

Kwa hiyo leo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, kaa chini uandike. Nani alikukamata, saa ngapi, alikuambia ni kosa gani. Nani alikuhoji, mlikuwa wangapi chumbani, uliambiwa nini neno kwa neno. Uliruhusiwa kupiga simu? Ulipewa chakula? Hujasema umepigwa. Kama ulipigwa, hata kofi moja, omba polisi fomu ya PF3 uende nayo hospitali leo hii, maana uvimbe hausubiri tarehe ya kesi.

Andika na saa uliyotoka Jumamosi. Anayekamatwa bila hati, ikionekana haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa aliangalie suala lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana zito. Na akibakishwa ndani, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Wewe ulilala siku mbili. Usiende kaunta kugombana kwa hilo. Liandike, umpe wakili. Ugomvi wa kaunta haujawahi kumshindia mtu kesi.

Daftari, kioo na ujumbe wa muamala

Hapa nina maswali, na mengine yatakuuma. Simu hiyo ikiwa nzima inauzwa bei gani? Kama ni ya laki sita na wewe umeipata kwa laki moja na themanini, hakimu atakuuliza hukushtuka. Jibu lako lipo, kioo kilikuwa kimepasuka. Je, hicho kioo cha zamani kipo? Nenda kibandani ukakitafute chini ya meza, kwenye boksi la takataka zako za skrubu. Ukikipata, kiweke kwenye bahasha. Risiti ya kioo kipya nayo iweke humo. Kipande hicho kinaeleza bei kuliko hotuba.

Aliyekuuzia ulimlipaje? Kama ni kwa simu, ule ujumbe wa muamala una jina, namba, tarehe na saa. Usiufute. Laini zetu siku hizi zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba hiyo ina mwenyewe, na polisi wana njia ya kumpata. Kama ulimlipa taslimu, una daftari la wateja? Uliandika jina lake, namba yake, namba ya kitambulisho? Kama hukuandika chochote, hilo ni pengo, ukubali ni pengo, umwambie wakili mapema. Mafundi wengi wananunua simu kienyeji hivyo, kama wanaonunua nyanya. Kuanzia sasa usinunue simu ya mtu bila risiti yake au kitambulisho chake.

Usifute kitu chochote kwenye simu yako, hata kisichokupendeza. Ujumbe uliofutwa huonekana una dhambi kuliko uliobaki. Na kama katika ufundi wako umewahi kubadili IMEI ya simu ya mtu, elewa kwamba hilo ni kosa linalojitegemea chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ulizungumze na wakili peke yake, na uache kabisa.

Kuhusu laptop na simu tano za wateja: wakati polisi wanachukua mali, wanatakiwa kutoa hati inayoorodhesha kila kilichochukuliwa, ikiwa na saini yako kama mwenye eneo na ya mashahidi waliokuwepo. Ulipewa? Kama hukupewa, andika mwenyewe orodha: aina ya simu, rangi, jina la mteja, na IMEI kama ipo kwenye daftari. Wapigie wateja hao watano uwaambie ukweli kwamba simu zao ziko polisi. Mteja aliyefichwa anaweza kuwa mlalamikaji wa pili.

Usimpigie yule mama aliyenunua. Najua unaona haya na unataka kumrudishia hela yake. Nia yako ni njema, ila huyo sasa ni shahidi, na simu yako ya kuomba radhi inaweza kuelezwa mahakamani kama jaribio la kumgeuza, au kama kukiri. Kumlipa kunawezekana baadaye, kupitia wakili, kwa maandishi. Aliyekuuzia naye usimtafute wewe na marafiki zako wa kijiweni. Mkimkamata na kumpiga, kesi yako ya simu itapata mwenzake wa kujeruhi. Na usisimulie mambo haya kwenye makundi ya WhatsApp. Mdomo huponza kichwa, na siku hizi mdomo una picha ya ushahidi.

Laki mbili na safari ya Geita

Hapa nitasema kwa kifupi kwa sababu hakuna cha kupima.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa na anayepokea. Ukitoa laki mbili leo, umegeuka kutoka mtu anayeweza kuwa hana hatia kuwa mtu mwenye hatia ya hakika. Na jalada halifi kwa laki mbili. Linalala, kisha linaamka na askari mwingine ambaye hukumpoza. Dhamana ya polisi haina ada. Ukiombwa hela, usigombane na usirekodi kwa siri ukiwa ndani ya chumba chao; toka nje, piga namba 113 ya TAKUKURU, haina gharama.

Geita. Mwanangu, umemsahau baba yako mdogo? Aliweka jina lake, kitambulisho chake na saini yake kwamba utarudi. Usiporudi, atakayetafutwa kwanza ni yeye, na kiasi alichoandikia dhamana anaweza kudaiwa akilipe, akishindwa apate matatizo yake mwenyewe. Wewe utatolewa hati ya kukamatwa, na siku utakayopatikana, hata kama ni baada ya miaka mitatu, hakuna hakimu atakayekuamini na dhamana tena. Kukimbia kutakuwa kumemaliza lile swali la kujua: watasema, kama hakujua, alikimbia nini? Huyo rafiki aliyekushauri Geita, kesi ikigeuka hutamwona.

Siku ya kusomewa

Huenda ni Jumatatu hiyo hiyo, kwa hiyo jiandae kama vile ni kesho.

Kizimbani utasomewa hati ya mashtaka, kisha utaulizwa kama ni kweli au si kweli. Sikiliza hadi mwisho. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo una haki ya kuelewa kila neno. Kama hujaelewa, sema hujaelewa. Hakuna adhabu ya kuuliza.

Sasa niambie, ukisomewa kwamba ulipokea simu aina fulani, mali ya fulani, huku ukijua ni ya wizi, utajibu nini? Nawajua nyie. Utasema, "Ni kweli nilinunua, ila sikujua." Jibu hilo kisheria halijakiri kosa, na hakimu makini ataliandika kuwa umekana. Lakini asubuhi ya mashtaka mengi, chumba kimejaa, feni inalia, karani anaandika mbio, neno "ni kweli" linasikika kwa sauti na "ila" inabaki mdomoni. Kwa hiyo usianze na kweli halafu ukaongeza ila. Kama hukujua simu imeibwa, jibu lako ni "si kweli", basi. Kusema si kweli hakumaanishi unamwita mtu mwongo. Kunamaanisha unawataka walete ushahidi wao.

Ukijibu "ni kweli", mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya jinsi kosa lilivyotendeka na utaulizwa tena kama nayo ni kweli. Hiyo ni nafasi yako ya mwisho ya kujirekebisha kirahisi. Ukiyakubali na hayo, unatiwa hatiani hapo hapo, na baada ya hapo sheria haikuruhusu kukata rufaa kupinga hatia uliyoikubali mwenyewe, isipokuwa kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Faini ndogo ikageuka kifungo, utaanza kusema hukuelewa, na kumbukumbu za mahakama zitasema ulielewa.

Hata ikiwa faini kweli, haishii kwenye faini. Alama zako za vidole zitabaki, na siku utakapoomba cheti cha tabia njema kwa ajili ya ajira au safari, hilo litatoka. Una miaka 24. Unafuta kiasi gani cha maisha yako ili Jumatatu jioni iwe tulivu?

Ukishakana, dhamana inaanza upya. Ile ya polisi haitoshi mahakamani. Baba mdogo aje tena, na ikiwezekana mtu wa pili asubiri nje, kila mmoja na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho cha NIDA au cha kazi. Wafike mapema. Kosa lako lina dhamana, lakini karatasi zisipokamilika kabla karandinga halijaondoka, utalala gereza la Butimba kwa sababu tu mdhamini alichelewa daladala. Nimeliona hilo likitokea kwa watu wenye ndugu wengi na fedha nyingi.

Baadaye kutakuwa na siku ya usikilizwaji wa awali, ambapo mnaulizwa mambo gani hayabishaniwi. Watu hudhani ni utaratibu mdogo, wakaitikia kila kitu. Unachokikubali siku hiyo kinahesabika kimethibitishwa, na hakuna shahidi atakayeletwa kukieleza. Jina lako na kazi yako, kubali. Kununua na kuuza simu, zungumza na wakili kwanza. Kujua kwamba ni ya wizi, usiguse.

Kesi itaahirishwa, utaambiwa upelelezi haujakamilika, utarudi tena. Utachoka. Hapo ndipo ile sauti ya "kubali yaishe" itakaporudi, mara hii ikitoka kwa ndugu zako mwenyewe waliochoka kulipa nauli. Tarehe ziandike ukutani, usikose hata moja. Ukiumwa, mdhamini aende na cheti cha hospitali.

Na kama ulijua?

Nimekuandikia kama mtu asiyejua simu imeibwa, kwa sababu ndivyo barua yako inavyosomeka. Lakini nimeishi sana, na naona hukuandika waziwazi kwamba hukujua. Ikiwa rohoni ulishuku, bado maneno yangu juu ya karatasi, rushwa na Geita hayabadiliki. Kinachobadilika ni njia.

Kukiri kosa ulilolitenda si jambo baya, na mahakama hulithamini. Ila kiri ukiwa umeona hati ya mashtaka na umekaa na wakili. Tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu makubaliano kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka kuhusu kukiri kosa, yanayoandikwa na kusajiliwa mahakamani. Hiyo ni ahadi yenye karatasi, tofauti na ile ya benchini. Hakimu pia huangalia kwamba ni kosa lako la kwanza, umri wako, kama simu imerudi kwa mwenyewe. Na ipo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha hakimu, pale kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, kumpa mtu kazi za kijamii badala ya gereza. Hayo yote yanaombwa na mtu aliyejiandaa. Aliyekurupuka na "ni kweli" saa tatu asubuhi huwa hajui hata kama yapo.

Mtafute wakili kabla ya Jumatatu

Utaniambia huna hela ya wakili. Najua. Chama cha Wanasheria Tanganyika kina mawakili wa kujitolea, waulizie hapo Mwanza. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kuna watoa msaada waliosajiliwa na wasaidizi wa kisheria katika wilaya. Uliza ofisi ya halmashauri, idara ya maendeleo ya jamii, wakuelekeze alipo wa karibu. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, nayo imekuwa ikizunguka mikoani. Msaidizi wa kisheria hawezi kukusimamia mahakamani kama wakili, lakini atakusomea hati, atakuandikia barua, atakwenda na wewe kituoni. Na ukiwa kizimbani bila mtu, mwombe hakimu mwenyewe akuangalie kwa msaada wa kisheria. Sheria hiyo ya 2017 imempa nafasi ya kufanya hivyo pale haki inapohitaji.

Ukimpata, mwambie yote. Mficha uchi hazai. Wakili hawezi kukutetea dhidi ya jambo atakalolisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa shahidi wa upande wa pili. Mkabidhi ile bahasha, lile daftari, na yale maandishi ya saa na majina. Mwombe afuatilie nakala ya maelezo uliyosaini, na kesi ikifunguliwa aombe na ya mlalamikaji. Akiona umecheleweshwa au kuonewa kiasi cha kulalamika, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hilo liamuliwe kwa kichwa kilichotulia, siyo kwa hasira ya Jumamosi.

Jumatatu nenda. Saa moja na nusu asubuhi uwe umeshafika, shati limepigwa pasi, baba mdogo ubavuni, nakala za karatasi zako zimebaki nyumbani kwa mama. Msalimie afande kwa heshima, taja jina lako na unapoishi. Akianza kukuuliza habari za simu, sema kwa upole kwamba utajibu ukiwa na wakili wako, na ukishasema hivyo, nyamaza. Karatasi yoyote utakayoletewa, isome hadi mstari wa mwisho. Ikiwa na nafasi tupu, omba ichorwe mstari. Ikiwa na neno ambalo hukusema, usisaini.